Oili nzito, baridi ya Julai na jamu: Ni nini hasa kinachokunywa petroli yako?

Kila tarehe 14 ya mwezi jioni, vijana wengi wenye magari huwa na simu mkononi wakisubiri Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) itangaze bei mpya za mafuta. Ikipanda kwa shilingi tatu, mitandao ya kijamii inawaka moto. Ikishuka kwa senti kadhaa, watu wanacheka kicheko cha uchungu.

Lakini kuna bei nyingine ambayo EPRA haitangazi. Ni ile petroli ya ziada unayochoma kwa sababu ya oili uliyowekewa kule gereji, upepo uliopungua kwenye tairi, na namna unavyoendesha gari wakati wa baridi, mvua au joto.

Kwa kijana anayeendesha teksi ya apu kwa gari la mkopo, haya si mambo ya kupitisha wakati. Mwisho wa siku anatoa pesa ya mkopo, anatoa kamisheni ya apu, anatoa ya petroli, ndipo kinachobaki kiitwe chake. Mkopo hawezi kuugusa, kamisheni pia hawezi. Petroli ndiyo peke yake iliyo chini ya mguu wake wa kulia.

Basi tuichambue hesabu hii polepole. Na tuelewane mapema: hapa tukisema "mafuta" tunamaanisha petroli unayojaza kwenye tangi, na tukisema "oili" tunamaanisha ile ya injini inayomwagwa na kubadilishwa wakati wa sevisi.

Zile namba kwenye mtungi

Chukua mtungi wowote wa oili dukani. Utaona 0W-20, 5W-30, 10W-40 au 20W-50. Wengi wetu tunazisoma kama namba za nyumba, hazituambii kitu. Ukweli ni kwamba zinaeleza jambo moja tu: oili hiyo ni nzito au nyepesi kiasi gani ikiwa baridi, na ikiwa moto.

Namba iliyo kabla ya W ni ya wakati wa baridi. W hiyo inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi kali. Namba ya pili ni ya wakati injini imeshika moto, na hupimwa oili ikiwa nyuzijoto 100. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo oili inavyokuwa nzito. Mpango huu uliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, ambacho kilianza kupanga oili kwa uzito mwaka wa 1911.

Uzito huo unahusiana vipi na petroli? Ndani ya injini, pistoni zinapanda na kushuka, kranki inazunguka, na pampu inasukuma oili kwenye vijia vyembamba. Vyote hivyo vinaogelea kwenye oili. Kukoroga uji mwepesi ni rahisi. Kusonga ugali kunatoa jasho. Injini iliyowekewa oili nzito kuliko inavyohitaji inasonga ugali kutwa nzima, na jasho lake ni petroli yako.

"Kenya ni joto, weka nzito"

Ukipeleka gari gereji mtaani, kuna ushauri utakaoupata hata kabla ya boneti kufunguliwa: oili nyepesi ni ya Wajapani kwa sababu kwao kuna theluji, huku kwetu ni jua, kwa hivyo weka 20W-50. Ushauri huu unasikika wa busara. Shida ni kwamba haupatani na ramani ya hali ya hewa.

Jijini Tokyo, mwezi wa Agosti, wastani wa joto la mchana hupita nyuzijoto 30. Nairobi, hata Februari ambao ni kati ya miezi yenye joto zaidi, wastani wa mchana hauzidi nyuzijoto 28. Yaani gari lako dogo la kutoka Japan lilishavumilia kiangazi kikali kuliko cha Nairobi likiwa na oili ile ile nyepesi iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Mombasa ndiko kunakokaribiana na Tokyo ya Agosti, kwani Machi mchana hufika nyuzijoto 32 au 33. Hata hivyo, Mombasa haijaizidi Tokyo kwa kiasi cha kubadilisha oili.

Tena, injini ikishapata moto haijali sana nje kuko vipi. Kuna kifaa kinachoitwa thamostati ambacho huzuia au kuruhusu maji ya rejeta ili injini ikae kwenye joto lake, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 80 na 100. Uko Limuru au Likoni, mle ndani ni karibu joto lile lile.

Kwa hivyo anayejua oili inayofaa gari lako ni aliyeunda injini. Fungua kitabu cha gari. Kama kimeandikwa Kijapani, kama ilivyo kwa magari mengi yanayoingia kupitia bandari ya Mombasa, usiogope: namba za oili zimeandikwa kwa tarakimu unazozijua. Magari mengine huandikwa namba hiyo juu ya kifuniko cha kumiminia oili. Injini nyingi ndogo za Japan za miaka ya karibuni zinataka 0W-20 au 5W-30, na baadhi ya haibridi mpya zinataka 0W-16.

Sasa tupige hesabu

Hapa ndipo wauzaji hupenda kutia chumvi. Utaambiwa oili fulani "itakatiza petroli nusu". Hakuna kitu kama hicho.

Kwa mujibu wa Wizara ya Kawi ya Marekani, kutumia oili ya uzito uliopendekezwa na mwenye kuunda gari huokoa kati ya asilimia 1 na 2 ya mafuta. Kwa mfano, injini iliyoundiwa 5W-30 ikiwekewa 10W-30, hupoteza asilimia 1 hadi 2. Ukiruka mbali zaidi hadi 20W-50, pengo la uzito linakuwa kubwa zaidi, kwa hivyo tarajia hasara isiyo chini ya hapo.

Tuchukue gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, na petroli iwe Sh180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Kati ya sevisi moja na nyingine, tuseme kilomita 5,000, litakunywa lita 417 hivi. Hiyo ni kama Sh75,000. Asilimia 1 ya pesa hizo ni Sh750. Asilimia 2 ni Sh1,500.

Zishike vizuri namba hizo mbili, kwa sababu ndizo zitakazokulinda dukani. Ikiwa oili sahihi inazidi bei ya ile nzito kwa Sh1,000, na unaibadilisha kila kilomita 5,000, huenda ikajilipa kwa petroli peke yake. Ikiwa inaizidi kwa Sh4,000, petroli haitakurudishia tofauti hiyo, hata muuzaji aape. Utakuwa umelipia mambo mengine: injini inayolainishwa mapema asubuhi, na uchafu unaopungua. Ni mambo ya maana, lakini yaite kwa jina lake.

Kuna njia ya kusawazisha. Oili ya sinthetiki hudumu zaidi ya ile ya kawaida. Kama kitabu cha gari kinaruhusu kilomita 10,000 kati ya sevisi, basi akiba ya asilimia 2 inafika Sh3,000, na sevisi moja umeiruka. Lakini kama kazi ya gari ni jamu na safari fupi fupi kutwa, vitabu vingi huiita hiyo kazi ngumu na kutaka ubadilishe oili mapema zaidi. Soma ukurasa huo kabla ya kujipa kilomita.

Julai: asubuhi ya koti

Misimu yetu si minne kama ya Ulaya, lakini gari huihisi pia.

Nairobi mwezi wa Julai, alfajiri kipimo hushuka hadi nyuzijoto 11 au 12. Limuru, Nyahururu na Eldoret hali ni hiyo au baridi zaidi. Je, oili nzito itakataza gari kuwaka? La. Daraja la 20W limetengenezwa kuruhusu injini kuzunguka hata kwenye nyuzijoto 15 chini ya sufuri, na 0W hadi 35 chini ya sufuri. Hakuna mtaa wa Nairobi unaofika huko.

Kinachotokea ni kwamba, kwa asubuhi kama hizo, 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara mbili ukilinganisha na 5W-30. Dakika za kwanza injini inapambana nayo. Wakati huo huo kompyuta ya injini inaongeza petroli kimakusudi, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini baridi. Ndiyo maana umbali wa kwanza wa safari ndio ghali kuliko wote.

Wamarekani walipima kwao: kwenye nyuzijoto 7 chini ya sufuri, gari la petroli likiendeshwa mjini hupata kilomita pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko kwenye nyuzijoto 25. Kwa safari za kilomita tano au sita, upungufu unaweza kufika asilimia 24. Sisi hatuna baridi hiyo, kwa hivyo hasara yetu ni ndogo zaidi. Ila sababu ni zile zile, na safari fupi ndiyo adui mkubwa. Ukiwasha gari Umoja kwenda kununua mkate Donholm, ukalizima, ukarudi, jioni ukatoka tena kwenda kinyozi, injini yako haijawahi kupata moto wake kamili siku hiyo.

Dawa? Unganisha safari zako ziwe moja. Na usiache gari linanguruma dakika kumi "lipate joto" huku ukinywa chai ndani ya nyumba. Magari ya siku hizi yanahitaji kama nusu dakika hivi, kisha uondoke taratibu bila kukanyaga sana. Injini hupata moto haraka ikitembea kuliko ikisimama, na ikisimama inakupa kilomita sufuri kwa lita.

Baridi pia hupunguza upepo wa tairi, takriban psi 1 kwa kila nyuzijoto 5 au 6 zinazoshuka. Kwa kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote nne, matumizi ya petroli huongezeka kwa asilimia 0.2 hivi. Inaonekana kidogo. Lakini tairi zilizokaa miezi mitatu bila kuangaliwa zinaweza kupungua psi 8. Hiyo ni asilimia 1.6, karibu sawa na hasara ya oili isiyofaa. Na kwenye vituo vingi vya mafuta kuweka upepo ni bure, ukimshukuru tu yule mhudumu.

Mvua: pesa zinalala jamu

Mvua ya masika, Machi hadi Mei, na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba, huleta gharama nyingine. Tairi inayopasua maji inahitaji nguvu zaidi kuliko inayobingirika kwenye lami kavu. Lakini hilo ni dogo mbele ya jamu. Nairobi ikinyesha saa kumi na moja jioni, kila mtu anajua yatakayofuata.

Gari lililosimama huku injini ikifanya kazi huchoma kati ya robo na nusu galoni ya Marekani kwa saa, yaani karibu lita 1 hadi 2, ikitegemea ukubwa wa injini na kama umewasha AC. Gari dogo liko upande wa chini. Hebu tumrudie dereva wetu wa teksi. Tuseme anatembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Petroli yake ni lita 260, takriban Sh46,800. Oili isiyofaa, kwa asilimia 2, inamtoa Sh936 kwa mwezi. Saa moja tu kwa siku akiwa amesimama injini ikinguruma, kwa lita 1, inamtoa Sh4,680.

Tofauti ni mara tano. Kwa hivyo ukikwama mahali na umeona kabisa magari hayasogei, au unasubiri abiria ashuke kwenye jumba la orofa, zima injini. Kuiwasha tena hakumalizi petroli kama watu wanavyodhani.

Na jamu ikifunguka, kuna ugonjwa mwingine: kukanyaga kwa hasira hadi kwenye bampa la gari la mbele, kisha breki. Wizara hiyo hiyo ya Marekani inasema uendeshaji wa namna hiyo kwenye barabara za kusimama na kuondoka hula kati ya asilimia 10 na 40 zaidi. Ukiwa upande wa chini kabisa, asilimia 10, dereva wetu amepoteza Sh4,680 nyingine. Hakuna oili duniani inayoweza kumrudishia hizo.

Januari hadi Machi: jua na AC

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba joto lenyewe ni rafiki wa petroli. Injini hupata moto haraka, oili huwa nyepesi tangu asubuhi, na hewa yenye joto ni nyepesi kuipasua gari likiwa kasi.

Anayeharibu hesabu ni AC. Kukiwa na joto kali sana, hasa safari zikiwa fupi, AC inaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa zaidi ya robo. Mombasa na Kisumu wanaijua shida hii. Ukitaka kubana: egesha kivulini, ukiingia fungua madirisha kwanza joto litoke, halafu ndipo uwashe AC. Mjini kwa mwendo wa polepole, madirisha wazi ni nafuu. Ukishaingia barabara kuu ya kasi, yafunge, kwa sababu upepo unaoingia unalivuta gari nyuma.

Oili nzito ina siku yake

Haya yote hayasemi kwamba mekanika anayependekeza oili nzito ni mwongo. Kuna injini zilizoundiwa 15W-40 au 20W-50, na hizo zipewe hizo. Kuna pia injini iliyochoka, inayotoa moshi wa bluu na kupunguza oili kila wiki. Hapo oili nzito kidogo, ndani ya zile zinazoruhusiwa na kitabu, inaweza kupunguza uvujaji na kelele unapotafuta pesa za kuitengeneza. Utalipa kidogo kwenye petroli, lakini afadhali hivyo kuliko kuua injini.

Kosa liko pande zote mbili. Kumwaga 0W-20 kwenye gari la zamani lililoundiwa oili ya 40 ukitafuta akiba ni hatari. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi, vyuma vinaanza kugusana. Na kumwaga 20W-50 kwenye injini mpya yenye vijia vyembamba na vali zinazosogezwa kwa presha ya oili ni kuichelewesha kila asubuhi.

Wenye bodaboda nao wasikilize. Pikipiki nyingi zina klachi inayokaa ndani ya oili ile ile ya injini. Oili za gari zilizotiwa dawa za kupunguza msuguano zinaweza kuifanya klachi iteleze. Tafuta mtungi ulioandikwa JASO MA. Ukiona oili ya gari ya bei nafuu, iache hapo hapo.

Dukani, mbali na namba za uzito, tafuta alama ya duara ya API nyuma ya mtungi. Juu yake kuna daraja la ubora, kwa mfano SP, lililoanza kutumika mwaka wa 2020. Chini ya duara, oili zilizopimwa kwa ajili ya kuokoa mafuta huandikwa "Resource Conserving". Hakikisha kifuniko hakijafunguliwa, na oili ikishamiminwa, toboa mtungi huo mbele ya macho yako. Mitungi mizima ndiyo inayorudi sokoni ikiwa na oili feki, na oili feki haina msimu.

Jipimie mwenyewe

Usiamini tangazo, na hata makala haya usiyaamini bila kupima. Jaza tangi hadi pampu ijizime, andika kilomita. Endesha kama kawaida. Ukirudi, jaza tena kwenye pampu ile ile, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoweka. Fanya hivyo kwa matangi matatu au manne kabla ya kubadilisha oili, na mengine kama hayo baada ya kubadilisha.

Ila linganisha vitu vinavyolingana. Usipime Mei kwenye mvua, halafu Februari kwenye jua, useme ni oili. Wala usipime ukishuka Mombasa kisha ukipanda Nairobi, kwa sababu kurudi ni mlima wa karibu mita 1,700 kwa jumla. Tofauti ya asilimia 2 ni ndogo sana. Tangi moja haliwezi kuionyesha, na jamu moja ya Mombasa Road inaweza kuimeza yote.

Wiki hii, kabla hujabadilisha chochote cha pesa, anza na visivyo na gharama: pima upepo wa tairi, punguza mguu, zima injini pasipo na haja, unganisha safari. Kisha sevisi ijayo, fika gereji ukiwa tayari na namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako, na uitaje kabla mekanika hajafungua mtungi.